Alichokiona Mkaguzi

Mkaguzi alikuwa ananusa jengo kabla hajasema neno lolote ndani yake. Alisimama mlangoni, akafumba macho, akavuta pumzi taratibu kwa pua kama mtu anayekisia jirani wamepika nini. Wenye jengo walidhani anaomba. Wengine waliinamisha vichwa wakamsubiri, na mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Kharumwa aliitikia kabisa, "Amina." Mkaguzi hakumsahihisha. Alifumbua macho, akanigeukia, akasema, "Kona ya kushoto, nyuma ya kabati." Tulisogeza kabati. Ukuta ulikuwa umeota ukungu mweusi kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno.

Nilifanya kazi chini yake kwa miaka mingi, katika ofisi ndogo ya Shinyanga iliyokuwa ikitumwa kukagua majengo yanayovuja, hapa kwetu na huko Geita kwenye dhahabu. Sisi hatukujenga wala kukarabati. Kazi yetu ilikuwa kupiga picha na kuandika: maji yameonekana wapi, doa lina ukubwa gani, kilichoharibika ni nini. Wahandisi walisoma taarifa zetu wakiwa mbali, na kwa taarifa hizo waliamua jengo lipi lisubiri, lipi litengenezwe, na lipi lifungwe watu watoke. Kazi yenyewe haionekani kuwa ya hatari. Lakini fikiria: mhandisi hajafika, hajanusa, hajagusa. Anachokijua ni kile ulichomletea.

Watu wanamkumbuka Mkaguzi kwa vituko vyake, nami nitasimulia baadhi. Ila nianze kwa kusema kwamba yupo mwanamke mmoja, mhudumu wa wodi ya wazazi, aliyeishi miaka akihesabiwa kuwa muuaji kwa sababu ya jengo ambalo Mkaguzi alilikagua. Ningependa kumweleza mzee wangu bila kumtaja mama huyo. Haiwezekani.

Kanuni yake ya kwanza alikufundisha siku ile ile uliyoanza kazi. "Usiniambie maji yametoka wapi. Niambie umeyaona wapi." Wageni wa kazi hawakuelewa, nami sikuelewa mara moja. Maji yakiingia kwenye paa la zege hayashuki moja kwa moja kama jiwe. Yanapenya kwenye ufa mdogo, yanatembea ndani ya zege, yanakutana na nondo, yanaifuata nondo mpaka yapate pa kutokea, pengine chumba cha tatu kutoka pale yalipoingilia. Anayeona doa juu ya kitanda na kuandika kwamba paa limetoboka juu ya kitanda atawatuma mafundi mahali pasipo na kosa. Wataziba, watalipwa, na masika yajayo kitanda kitalowa tena. Kwa hiyo andika doa. Chanzo atakitafuta mwenye vifaa vya kukitafutia.

Alipiga picha kwa utaratibu ambao mimi nawafundisha vijana mpaka leo. Kwanza unarudi nyuma mpaka jengo lote lienee, ili msomaji ajue yuko wapi. Kisha unapiga chumba. Mwisho unalisogelea doa, na unaweka rula pembeni yake, kwa sababu doa lisilo na rula linaweza kuwa kubwa kama sahani au kama mkeka. Halafu unazungushia kingo zake chaki na kuandika tarehe pale pale ukutani, ili ukirudi uone kama limevuka mstari. Si vigumu. Mtu yeyote mwenye simu na subira anaweza, na ningependa watu wengi zaidi wafanye hivyo kwenye majengo wanayolala na kusomea watoto wao.

Mwalimu mkuu yule wa "Amina" alitukatalia kwamba darasa linavuja. Alisema madoa ya darini ni mkojo wa popo. Kweli popo walikuwepo, na mkojo wa popo huacha doa, hakuongopa. Mkaguzi alitazama juu muda mrefu.

"Hawa popo wako, mwalimu, wanakojoa masika tu?"

"Masika wanazidi, Mzee."

"Na wakikojoa wanaanzia ukutani kwenye gata la paa, wanakuja hivi mpaka katikati?"

"Popo hawana adabu."

Mkaguzi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaandika: madoa ya kahawia, yanaanzia ukuta wa upande wa gata, popo wapo darini. Vyote viwili aliviona, vyote viwili aliviweka. Darasa lile lilitengenezwa, na popo walihama wenyewe baada ya kubomolewa dari.

Kwa matajiri hakuwa mpole hivyo. Kule Geita mjini tulipelekwa kwenye ghorofa la mtu aliyepata dhahabu, nyumba yenye vigae kila mahali, hata kwenye ngazi za nje. Mabaraza ya juu yalikuwa na vigae vya kung'aa, lakini chini ya vigae hapakuwekwa lami wala kitu kingine cha kuzuia maji. Wapangaji wa chini walikuwa wakilala na mabeseni vitandani. Mwenye nyumba alituzungusha akijisifu.

"Mzee, nyumba hii imekula dhahabu."

"Ingekula na lami kidogo," Mkaguzi akasema, "ingeshiba."

Tajiri hakupenda. Alisema atapiga simu kwa wakubwa. Mkaguzi alimwandikia namba ya mkubwa wetu kwa herufi kubwa, asije akakosea.

Kwa wahandisi alikuwa na jibu moja lililowaudhi wote. Walimpigia simu baada ya kusoma taarifa. "Umefika pale, umeona. Kwa maoni yako, ni hatari?" Naye alijibu, "Sina maoni. Nina picha." Alitufundisha kujivunia jibu hilo. Alisema siku fundi sanifu kama sisi akianza kuandika anachokihisi, mwenye jengo naye ataleta anachokihisi, na mwenye pesa atahisi kwa nguvu zaidi. Ukiandika ulichokiona tu, hakuna atakayekusogeza. Nilimwamini. Katika majengo mengi alikuwa sahihi.

Sasa nieleze upande wake mwingine, maana hamkuwa na mtu mmoja ndani ya yule mzee.

Shamba lake lilikuwa Didia, mahindi na mpunga kidogo bondeni, na mwezi wa kumi na moja alikuwa mkulima kama wakulima wengine, anatazama angani, anapiga simu nyumbani kuuliza kama imenyesha. Wakimwambia imenyesha alifurahi, akasema "wabeja, wabeja," asante kwa Kisukuma, kama vile aliye upande wa pili ndiye aliyeileta mvua. Akikata simu uso ulibadilika. Alisimama dirishani akataja majengo kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, yale tuliyokwisha kuyapeleka na hayajashughulikiwa. Shinyanga ni nchi ya kuomba mvua. Yeye aliiomba na kuiogopa siku hiyo hiyo, na hakuona ajabu yoyote.

Tena, mtu yule aliyemjibu tajiri vile hakuweza kumwaibisha mwenyeji maskini. Aliketi alipoonyeshwa, hata kama kiti kilikuwa chini ya dari iliyobinuka. Alikula alichopewa. Akina mama wakimwonyesha jiko lililojaa ukungu, aliwauliza habari za watoto, akapiga picha zake huku wakiongea mengine. Nilimuuliza mara moja kwa nini hasemi waziwazi. Akasema, "Mama Kulwa, mtu amekukaribisha kwake. Utamwambiaje kwake kumeoza?"

Ndiyo maana hakupenda kutoa taarifa kwamba anakuja. Kwetu, ugeni ukisikika unakuja, watu hufagia, hupanga mawe yaliyopakwa chokaa kando ya njia, na hupaka rangi kuta. Hakuna nia mbaya hata chembe. Ni heshima. Unampokeaje mgeni wa serikali kwenye ukuta wenye madoa? Lakini kwa kazi yetu doa ndilo tulilolifuata. Mkaguzi alisema amekagua majengo mengi mazuri sana ambayo juma moja kabla yalikuwa mabovu. Kwa hiyo alitokea bila hodi, asubuhi, akiomba radhi kwa kila aliyemkuta na ufagio.

Mara moja tu, ninayoijua mimi, alipiga simu kwanza.

Ni kijiji kimoja kati ya Masumbwe na Kharumwa, sitakitaja. Zahanati yao ilijengewa wodi ya wazazi kwa mchango wa mtu aliyefanikiwa kwenye mashimo ya dhahabu. Aliweka baraza lenye paa la zege lililolala, na juu yake akaacha nondo zimesimama ili siku moja ghorofa ipande. Ghorofa haikupanda. Mnaziona nondo za namna hiyo kila mji wetu. Mvua inazipiga, zinashika kutu, na kutu ile inashuka na maji hadi ndani ya zege, inavimba na kulipasua kutoka ndani. Akina mama waliokaribia kujifungua, na ndugu waliowasindikiza, walikaa chini ya baraza lile kusubiri.

Mimi sikuwepo safari hiyo, nilikuwa Geita kwenye jengo jingine. Haya alinieleza mwenyewe miaka baadaye. Alipiga simu kwa sababu ya ngazi. Paa lilikuwa juu, na gari letu halikuweza kubeba ngazi ndefu kwenye barabara ile iliyokatwa na mvua. Akamwomba mganga wa zamu amtafutie ngazi kijijini. Ngazi ikapatikana. Na kwa kuwa ngazi ilikuwapo na mgeni alikuwa njiani, mhudumu wa wodi alipanda na rola akapaka dari yote ya baraza, ambayo siku zote hakuweza kuifikia. Rangi alinunua kwa pesa yake mwenyewe.

Alimpokea Mkaguzi kwa kupiga goti. "Shikamoo, Mzee. Safari hii tumepaka mpaka juu."

Mkaguzi alinyoosha mkono akiwa kwenye ngazi, akagusa dari, rangi ikabaki kidoleni. Ilikuwa mbichi. Chini ya weupe ule aliona zege limetuna kidogo, kama mkate unaoanza kuumuka. Alimtazama yule mama, uso umejaa furaha, mikono bado ina matone meupe.

"Umefanya vizuri sana, mama," akamwambia.

Taarifa yake ninayo kichwani, niliisoma ofisini. *Dari ya baraza imepakwa rangi karibuni. Madoa hayaonekani. Juu ya paa maji yametuama, nondo zina kutu.* Hakuna neno la uongo hapo. Lakini mapaa yanayotuamisha maji ni mengi, na nondo zenye kutu ni nyingi kuliko hayo. Kilichokuwa kikilifanya jengo lipande juu ya orodha ya wahandisi ni hali ya chini: madoa, nyufa, kutu inayochuruzika. Chini, taarifa ilisema, hakuna. Jengo likawekwa kusubiri kiangazi. Mkaguzi alijipa moyo kwamba doa halizuiliki kwa rangi, litajitokeza tena lenyewe baada ya mvua chache, naye atarudi kulipiga picha kihalali.

Zege liliwahi. Kipande cha baraza kilianguka asubuhi moja ya mvua, juu ya binti aliyekuwa amemsindikiza dada yake. Alifia pale pale. Dada alijifungua ndani siku hiyo hiyo, huku nje wakifukua kifusi.

Wachunguzi walipokuja walimuuliza kila mtu. Walimuuliza Mkaguzi, "Uliona doa?" Akajibu, "Sikuona doa." Walimuuliza mhudumu kama kulikuwa na doa kabla hajapaka. Akajibu ndiyo, kubwa, lenye rangi ya chai. Kwa nini alilipaka? "Kwa sababu ya ugeni." Jibu hilo liliandikwa kwamba alificha. Alifukuzwa kazi. Kijijini hawakuhitaji karatasi. Walisema aliua kwa rola.

Taarifa ya Mkaguzi ilisifiwa kwa usahihi wake. Alistaafu kwa heshima, tukamnunulia blanketi na redio. Katika miaka yake ya mwisho kazini hakuwahi kupanga safari ya upande ule, alinituma mimi, nami nilidhani ni umri na barabara.

Mwaka huu nilipita tena huko kukagua stoo ya pamba inayovuja. Karibu na machimbo nilikunywa uji kwa mama mmoja mwenye banda la turubai, kando ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Nilimtambua kwa picha za uchunguzi. Niliporudi nikaenda Didia kumjulia hali Mkaguzi, nikamtajia, kama unavyomtajia mtu habari za watu wa zamani. Macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu, alinitazama kwa kupinda shingo.

"Anaendeleaje?"

"Anauza uji. Wachimbaji wanamwita Mama Rangi."

Alisogeza kiti chake karibu na changu. Kisha akanieleza yote niliyoyaandika hapo juu, kwa utaratibu wake ule ule, kwanza kwa mbali, kisha karibu. Alipomaliza akasema, "Utanipeleka."

"Mzee, miaka imepita. Unaenda kumfanyia nini?"

"Sijui. Utanipeleka?"

Tulilala Masumbwe, asubuhi tukafika. Karasha lilikuwa limeshaanza kuunguruma, na wachimbaji wanne au watano waliojaa vumbi walikuwa wameketi kwenye mabenchi. Mama alikuwa akikoroga sufuria. Alimtambua kabla sijamtambulisha, na mwiko ukasimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama."

"Uji au chai?"

"Nimekuja na neno."

"Sema, nasikia." Akaendelea kukoroga.

"Siku ile nilipokuja kwenu, rangi ilikuwa mbichi. Niliigusa. Nilijua chini yake kuna nini."

Hakuinua kichwa. "Ulijua."

"Nilijua."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Na ukaniambia nimefanya vizuri."

"Nikakwambia umefanya vizuri sana."

Alipunguza moto, akapangusa mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja. Nilidhani atalia au atamfukuza. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimtazama kama anavyotazamwa mteja aliyeleta noti iliyochanika.

"Mimi unaniambia nini? Mimi nilikuwepo," akasema. "Geuka. Waambie hawa."

Mkaguzi akageuka. Hakuwaona vizuri wale vijana, kwa hiyo aliongea akitazama juu kidogo ya vichwa vyao, na karasha lilimlazimisha apaze sauti.

"Mimi ndiye niliyekagua baraza la wodi kabla halijaanguka. Huyu mama alipaka rangi kwa sababu nilipiga simu kwamba nakuja. Hakunidanganya. Nilijua zege limeoza, na sikuandika. Niliogopa kumwaibisha. Yule binti alikufa kwa sababu yangu."

Vijana walishika vikombe bila kunywa. Mmoja, mwenye tochi ya kichwani ambayo hajaizima, akamwegemea mwenzake. "Kumbe Mama Rangi hakuua?"

"Umesikia mwenyewe," mama akamjibu. "Sasa niite jina langu."

Kijana akawatazama wenzake. Walikuwa wamekunywa uji pale tangu machimbo yafunguliwe, na hakuna aliyelijua jina lake.

"Mama Shija," mama akawaambia. "Shija mwanangu wa kwanza. Sasa mlipe mwende, mawe yanawasubiri."

Walilipa, wakaondoka wakinong'onezana. Mkaguzi aliketi kwenye benchi waliloliacha, mikono juu ya magoti. Mama Shija hakumwambia pole wala hakumwambia amemsamehe. Alimwekea kikombe cha uji mbele, kwa nguvu kidogo, ukamwagika.

"Nyumbani kwa mama wa yule binti aliyekufa ni ng'ambo ya korongo," akasema. "Kunywa kwanza. Tutakwenda wote, nifunge banda."

Mkaguzi akashika kikombe. Kabla hakijafika mdomoni, wakaingia wachimbaji wengine wawili waliotoka zamu, wakiburuza mabuti, na aliyetangulia akasema kwa sauti ya mtu wa siku zote, "Mama Rangi, nipe wa moto."

Mzee alikirudisha kikombe mezani. Alishika ukingo wa meza, akasimama, akaanza tena tangu mwanzo.